Fundi Aliyekataa Betri

Fundi hakupenda mtu asimame nyuma yake akiwa kazini. Ukisimama nyuma, aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akangoja bila kugeuka mpaka uone haya mwenyewe. Ndipo aliposema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, "Simama hapa pembeni, mahali naona kivuli yako." Mimi ni mwalimu, nimezoea kusimama nyuma ya watu na kuchungulia wanachoandika, kwa hiyo tuligombana juu ya jambo hilo tangu siku ya kwanza. Alishinda yeye, na miaka yote niliyomjua nilisimama pembeni.

Alikuwa mtu wa Koboko, mji wa kaskazini karibu na mpaka wa Zaire, Mwislamu, na kabla ya vita vya sabini na tisa alikuwa fundi wa malori ya jeshi. Mimi ni mtu wa Aroi, Mkatoliki. Siku za juma nilifundisha shule ya Ediofe, Jumamosi nilikuwa mkulima. Lugha ya mama yake siijui, na yangu aliisema kwa kubahatisha, basi tukaelewana kwa Kiswahili, yeye akikisema bila wasiwasi wowote na mimi nikikisema kwa wasiwasi mwingi. "Mwalimu," aliniambia mara moja, "wewe unasema Kiswahili kama mutu anavuka mto, anatafuta jiwe na mguu." Sikukasirika, maana alikuwa amesema kweli.

Kilichotukutanisha ni trekta la marehemu baba yangu. Lilikuwa la zamani hata wakati huo, trekta la kuwashwa kwa mkono, lisilo na betri wala ufunguo. Unachomeka hendeli mbele, unaizungusha kwa nguvu, na Mungu akipenda injini inaitika. Liliwashwa kwa petroli, na likishapata moto lilibadilishiwa mafuta ya taa. Cheche ya kuchoma mafuta hayo ilitoka kwenye magneto, kidude kizito kilichofungwa ubavuni mwa injini, chenye sumaku ndani. Ukiizungusha, magneto inazaa umeme wake yenyewe, haiombi kwa mtu. Fundi aliipenda kwa sababu hiyo hasa.

Niseme mapema jambo ambalo lilinisumbua kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi Fundi peke yake ndiye aliyeweza kuliwasha trekta letu. Kila msimu wa kulima alikuja kutoka Koboko, akakaa kwetu siku kadhaa kama mtu wa nyumbani, akaondoka. Hiyo ilikuwa nafasi yake kwetu na fahari yake. Na mimi ndiye niliyetaka imtoke, kwa sababu nilikuwa na shamba la kulima na watoto wa kulisha, na siwezi kulima kwa mkono wa mtu anayeishi Koboko.

Alikuwa na tabia zake. Ovaroli lake lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chake cha asili, lakini lilipigwa pasi, mstari umenyooka toka paja hadi kifundo. Kabla ya kufungua chochote aliomba sahani ya bati. Kila nati aliyoitoa aliiweka humo kwa mpangilio, ukiuzunguka ukingo, na ya mwisho kutoka ilikuwa ya kwanza kurudi. Siku moja binti yangu aliichukua sahani ile akaiosha akidhani ni chafu, akazirudisha nati zote zikiwa safi na zimechanganyika.  Fundi alikaa chini, akazipanga upya moja moja kwa kuzijaribu, kazi ya mchana mzima, na jioni akamwita binti yangu akamwambia, "Umeosha vizuri. Hapana rudia."

Petroli aliipima kwa kuinusa na kuidondoshea tone kwenye ukucha. Siku hizo kulikuwa na petroli iliyochanganywa na kila kitu, na yeye alikuwa akitaja kilichochanganywa. Injini ikikohoa aliigawia mojawapo ya hukumu mbili. "Hii ni ugonjwa," au, "Hii sio ugonjwa, hii ni tabia." Ugonjwa aliutibu, tabia aliiacha. Aliwagawa watu vilevile. Mkuu wetu wa shule wa wakati ule, aliyekuwa akichelewa kila mkutano, alikuwa tabia.

Kwa sababu yake nyumba yetu ya Kikatoliki ilijifunza kufuga jogoo wa Fundi. Siku aliyofika tulimkabidhi kisu na jogoo akiwa hai, akamchinja mwenyewe kwa bismillahi yake nyuma ya jiko, ndipo mimi nilipompokea nikampika. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Mara ya kwanza kabisa nilimpelekea kuku aliyekwisha kaangwa, naye akasema kwa upole kwamba tumbo lake halijisikii vizuri, akala muhogo mtupu. Mama yangu alinivuta jikoni akaniuliza kama shuleni wananilipa kwa kufikiri au kwa kuvaa viatu. Tangu hapo jogoo alikuwa akingoja miguu imefungwa.

Mtu huyu mpole kwa mashine hakuwa mpole kwenye mpira. Kila alipokuwa kwetu Jumapili alishuka Onduparaka kutazama mechi, ingawa timu haikuwa yake wala mtaa haukuwa wake. Akisimama kando ya uwanja alimfokea refa kwa amri za gwaride, mpaka watu wa Onduparaka, ambao wenyewe si watu wa kunong'ona, wakamzoea na kumwachia nafasi. Nilimfuata mara moja nikaona haya kusimama karibu naye. Aliporudi nyumbani sauti ilikuwa imemkauka, akanywa chai vikombe vitatu, akasema refa ni ugonjwa.

Na betri. Hakuna kitu alichokidharau kama betri. "Betri iko kama shemeji mvivu," alisema. "Inakaa nyumbani yako, inakula, lakini siku unataka kazi, iko mgonjwa." Wakati huohuo alikuwa na redio ndogo ya mawe manne, na mawe hayo yakichoka aliyaanika juu ya paa la jiko langu apate habari za siku mbili zaidi. Nilipomwonyesha kwamba hayo nayo ni betri, alisema redio hailimi.

Lakini dharau yake ilikuwa na sababu, na sababu hiyo sikuicheka. Vita vilipofika, alisema, malori aliyoyatunza kwa miaka yalikufa njiani yote, si kwa risasi, ila kwa betri. Kila aliyekimbia alifungua betri ya mwenzake. Aliyaona yamepangana kwenye barabara ya Koboko, mazima, matairi mazuri, hayaendi popote. Yeye alikuwa kwetu Aroi kwa kazi ya trekta siku ile watu walipoanza kuvuka kwenda Zaire. Wengine walibeba godoro, sufuria na watoto. Fundi aliifungua magneto ya trekta la baba, akaiviringisha kwenye shati, akaitia ndani ya gunia, akavuka nayo mpaka.

"Trekta bila magneto ni chuma tu," alimwambia baba. "Hakuna askari atapanda."

Miaka yote ya ukimbizi magneto ililala naye. Uvumi ukaenea kambini kwamba yule mzee wa Koboko ana dhahabu, maana gunia lake ni zito na halifungui mbele ya watu. Wezi wakaja, wakamwamuru alifungue. Wakaitazama ile magneto, wakaigeuza, wakamtukana matusi mazito, wakaenda zao. Alikuwa akisimulia kisa hiki huku akicheka mpaka anashika mbavu, na kila mara matusi ya wezi yalikuwa mapya.

Baba alifariki hukohuko ukimbizini. Sisi tuliporudi Aroi tulilikuta trekta ndani ya majani marefu, kiti kimechukuliwa, ndege wamejenga kwenye bomba la moshi, lakini limo. Wiki chache baadaye Fundi akatokea na baiskeli, gunia limefungwa nyuma. Alipoiona nyumba bila baba alisimama mlangoni akishika usukani, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimerudisha kitu ya mzee." Nililia hapo hapo, na hata sasa ninapoandika najua kwa nini. Kati ya vyote alivyokuwa navyo baba, kilichorudi kizima ni kile alichobeba mtu asiye ndugu.

Kizima si neno lenyewe. Unyevu wa kambi ulikuwa umeingia, cheche imepungua nguvu, na springi ndogo inayoisaidia magneto kuruka haraka wakati injini inazungushwa polepole ilikuwa imekatika. Bila springi hiyo magneto inataka kasi. Lazima uizungushe hendeli kama mtu aliyekasirika, na mimi nilikasirika sana lakini mkono wangu haukutosha. Wa Fundi ulitosha. Aliweka mguu wa kushoto mbele, akavuta pumzi, akaizungusha mara mbili, tatu, na trekta likaitika. Basi msimu baada ya msimu tulimngoja yeye.

Nilianza kumwomba tubadilishe. Magari yote sasa yalikuwa na koili na distributa. Umeme unatoka kwenye betri, koili inauongezea nguvu, distributa inaugawa kwa kila silinda kwa zamu yake. Cheche ya koili haijali kasi ya mkono. Nilimweleza hayo yote, mimi mwalimu wa hesabu, nikimweleza fundi wa miaka thelathini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama betri yangu itavuka mpaka kwenye gunia.

Kilichotuamulia ni hendeli yenyewe. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeanza, majirani wanapanda karanga, na Fundi akachelewa kuiachia hendeli. Injini ikapiga kinyume, hendeli ikarudi nyuma, ikamvunja kifundo cha mkono wa kulia.  Alikaa juu ya gurudumu la mbele, uso umekuwa kama majivu, akaniambia, "Jaribu wewe."

Nilijaribu. Nilizungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikazungusha tena, na trekta halikutoa hata kikohozi. Nikaitupa hendeli kwenye majani nikamgeukia.

"Fundi, wewe ukifa leo, hii trekta inakufa pamoja na wewe! Baba ameniachia shamba, hajaniachia mkono wako!"

Maneno yale nilitamani kuyarudisha kabla hayajafika. Mtu ameumia, na mimi namfokea. Alitazama malengelenge yangu, kisha shamba, kisha mkono wake.

"Nenda Onduparaka," akasema. "Iko gereji karibu na uwanja. Iko gari ndogo imekufa nyuma. Lete distributa yake, lete koili, lete dainamo ya kulisha betri. Betri tafuta wewe, mimi sitaki kujua umetoa wapi."

Mwenye gereji alikuwa mtu wa mpira. Nilipomtaja Fundi akauliza, "Yule muzee anatukana refa?" Nikasema ndiye. Akaingia nyuma mwenyewe na spana zake.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, kichwa chake na mikono yangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ya hospitali, umeninginizwa shingoni kwa kanga yangu. Alikaa kwenye kigoda, akachora kwa chaki kwenye boneti la trekta, akaniambia fungua hii, kaza ile, usikaze kama unafunga mlango wa wezi. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyesimama nyuma yangu. Nilimwambia asogee pembeni nione kivuli chake. Alicheka, akasogea.

Tuliifunga distributa pale magneto ilipokuwa, mhimili kwa mhimili. Nikaunganisha waya za plagi kwa mpangilio alioniambia, nikavuta hendeli. Kukatokea mlipuko kama wa bunduki, moto ukaruka kwenye kabureta, kuku wakatawanyika, na jirani aliyekuwa akipita na baiskeli akajitupa mtaroni akidhani vita vimerudi. Tulijaribu mara tatu, mara tatu tukapata bunduki.

Fundi akajipiga paji la uso kwa mkono mzima. Ule mhimili unaoendesha magneto unazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja unaotakiwa na distributa. Kwenye magneto kuna gia mbili ndani, ndogo na kubwa, zinazopunguza ile kasi kabla cheche haijagawiwa. Sisi tulikuwa tumeitoa magneto pamoja na gia zake, tukaiacha distributa ikimbie mara mbili zaidi ya inavyopaswa, ikitoa cheche kwa silinda isiyo na zamu.

"Nimefungua magneto maisha yangu yote," alisema. "Na nimesahau iko na nini tumboni."

Nilimwona ameona haya kweli. Asubuhi yake aliomba apewe magneto, akaondoka nayo Koboko kwenye lori la mkaa bila kunywa chai. Nilifikiri tumemalizana. Siku ya nne akarudi. Alikuwa ameikata magneto kwa mkono mmoja, ameitoa sumaku na nyaya zote, ameacha ganda na zile gia mbili, na juu ya gia kubwa amepata mtu wa kumchomelea mahali pa kushikia distributa. Kile alichokivusha mpaka ndani ya shati, alikuwa amekipasua mwenyewe. Nilimwuliza kama haikumuuma.

"Hii sio maiti, Mwalimu. Imebadilisha kazi tu."

Tukafunga upya, tukapanga waya upya kwa kuwa rota, ulimi unaogawa cheche ndani ya distributa, sasa ilizunguka upande mwingine. Nikashika hendeli. Sikuizungusha kwa hasira. Niliivuta juu mara moja, nusu mzunguko, kama mtu anayenyanyua ndoo, na trekta la baba likawaka. Nilipiga vigelegele mwenyewe, peke yangu, hadi mama akatoka ndani na mwiko. Fundi akasema tusubiri lipate moto. Lilipopata, akafungua mafuta ya taa, akasikiliza, akaridhika. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Sasa hata mtoto ya shule anaweza." Furaha yangu ikapungua kidogo.

Lakini alijiachia kitu kimoja. Ndani ya distributa kuna platini, meno mawili madogo yanayofungua na kufunga ili cheche iruke kwa wakati wake. Nafasi kati yake ni ndogo mno, na hulegea kwa kutumika. "Platini ni yangu," alisema. "Hapana gusa." Kila mwaka kabla ya kulima alikuja, akafungua kifuniko, akapima nafasi ile kwa kipande cha boksi la sigara alichokihifadhi kwenye kofia yake, akaweka sawa, akafunga. Kazi ya nusu saa. Kwa jogoo, mpira na vikombe vya chai, nusu saa hiyo ilirefuka hadi siku nne. Mimi nilisimama pembeni, mahali anaona kivuli changu, nikitazama.

Mwaka mmoja barabara ya Koboko ilifungwa kwa sababu ya waasi, asiweze kuja. Trekta likaanza kukosa pumzi katikati ya shamba. Nikafungua kifuniko, nikakata kipande cha boksi, nikaweka platini sawa mwenyewe. Lilinguruma vizuri kabisa, nami nikajisikia kama mwizi. Barabara ilipofunguka akaja kama kawaida, na sikumwambia. Mwaka uliofuata alianza kuchelewa kuja, nami niliitengeneza tena kwa sababu kulima hakungoji. Nilipopata habari kwamba yuko njiani, nikaona siwezi kumkaribisha kwenye mashine isiyo na haja naye. Jioni moja kabla ya kufika kwake nikachukua bisibisi, nikailegeza. Alifika, akaikuta imelegea, akaitengeneza. Tangu mwaka huo ikawa desturi yangu. Naitengeneza, tunalima, kisha naiharibu kumngoja.

Mara ya mwisho tuliyoonana vizuri alikuja katikati ya mvua, amekonda, anashikiliwa na mjukuu. Nilimleta kwenye trekta kama kawaida, nikamfungulia kifuniko, nikasogea pembeni. Hakuinama. Aligusa platini kwa kidole tu, kwa kuipapasa, akakaa kwenye kigoda.

"Mwalimu," akasema, "platini inaachia kidogo-kidogo, mwaka mzima. Hii yako inaachia siku moja, na siku hiyo ni jana."

 Masikio yaliniwaka kama ya mwanafunzi aliyekamatwa.

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka ya kwanza. Iko alama ya bisibisi mpya."

"Na hukusema?"

"Na wewe ulisema?"

Tulicheka, yeye mpaka akakohoa. Mjukuu wake akatutazama sisi wazee wawili bila kuelewa. Kisha Fundi akanishika kiganja, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akakigeuza juu akakipapasa kama alivyopapasa platini.

"Mwaka kesho hapana haribu," akasema. "Macho yangu haioni tena nafasi ile, nitakosea kurudisha. Acha iwe sawa. Mimi nitakuja tu."